Chokaa ya Darini kwa Batoul

Mimi ni Ramlati wa Ntsoudjini. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya mtambo wa redio katika ofisi ya simu pale Moroni, nikiita visiwa vingine na kuwaunganisha watu. Wengi walidhani ni kazi ya kukaa tu. Laiti wangekaa wao, na joto lile, na foleni dirishani, kila mmoja akitaka kujua kwa nini mjomba wake wa Mutsamudu hapatikani. Hapatikani kwa sababu mawimbi yamekataa, bwana wee, kwani nimemficha chini ya meza? Nilikuwa na ulimi mkali, na bado ninao.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumfokea, naye ni Msa. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua mahali pa kusimamisha nguzo za antena, kisha akipatengeneza mpaka mtambo ukae salama, usiguswe na radi wala kuliwa na chumvi ya bahari. Alikuwa mrefu, mkimya, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alizaliwa Majunga, kule Madagaska, kwa wazazi wa Kingazidja, watu wa kisiwa chetu, akaja kwetu mwaka 1977 pamoja na maelfu waliookolewa baada ya mauaji ya huko. Watu wa Moroni waliwaita Sabena, kwa jina la ndege zilizowaleta, na mpaka leo wako wanaolitamka kama wanatema mbegu. Msa alipanda ndege ile peke yake. Mkewe alikuwa ametoka kwenda sokoni asubuhi fujo zilipoanza, na hakuna aliyemwona tena, si mzima, si maiti. Hayo tuliyasikia kwa watu. Yeye mwenyewe hakuyasema, na hata jina la mkewe hatukulijua. Akina mama wa mtaani walimtafutia wachumba mpaka wakachoka. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Bado."

Mwaka 1985 ikaja amri kwamba Mutsamudu ipate mtambo mpya. Ulikuwa mwaka wa saba tangu mamluki washuke pwani ya Itsandra na kuipindua serikali, na siku zile amri zilikuwa na wenyewe wawili: mkurugenzi wetu aliyetia sahihi, na nyuma yake mzungu mmoja wa wale mamluki, sasa wa kikosi cha walinzi wa rais, mwenye bastola kiunoni na tabia ya kukalia meza za watu. Mzungu alitaka kazi imalizike upesi. Msa akafunga mkoba wake, akapanda ndege ndogo kwenda Ndzuwani, kisiwa chenye mji huo wa Mutsamudu.

Alikuwa na namna yake ya kuchagua mahali. Mtambo wa namna ile husikia kila takataka: jenereta ya dukani, taa mbovu, cherehani ya umeme ya jirani. Kwa hiyo Msa alichukua redio ndogo ya mkononi, akaizungusha mpaka pasipo na stesheni yoyote, akaibana sikioni na kutembea nayo kichochoro kwa kichochoro, akisikiliza mkwaruzo. Palipochafuka alipita. Palipotulia alisimama na kutia alama ya chaki ukutani. Fikiria mgeni mrefu, tena Sabena, anazunguka mji wa watu na redio isiyosema kitu. Wengine walisema ni kichaa, wengine wakasema ni jasusi wa walinzi, na mlango ukifungwa mmoja ilifungwa kumi.

Halafu wakaja wanawake. Mutsamudu ya kale ni nyumba za mawe zilizobanana chini ya ngome, na yale madari yake, yaani mapaa bapa ya juu, ni ya wanawake. Huko huanika nguo, husukana, hupaka liwa usoni na kusema wanayotaka kuyasema. Nguzo ya antena lazima ipandwe, na mwanamume akiwa juu ya nguzo anaona kila kitu. Palipotiwa chaki pote pakawa na mwenye kukataa, na aliyepiga kelele kuliko wote ni mama mmoja jina lake Zoubeda.

"Huyo atakayepanda huko juu," alimwuliza Msa mbele ya watu, "macho yake atayaacha nyumbani kwake, au atapanda nayo?"

Msa alizifuta alama zake za chaki, maana mama yule alikuwa na haki. Kule ngomeni nako walinzi walikuwa na mitambo yao, na redio ndogo ilipiga kelele mpaka inaumiza sikio. Ikabaki nyumba moja. Ilikuwa mwisho wa mji, kando ya mto, nyuma yake jabali, na dari lake lilitazama bahari tu, wala halikuchungulia ua wa mtu. Chini, ukingoni mwa mto, udongo ulikuwa na unyevu wa kuzika fimbo ya shaba ya kuteremshia radi, jambo ambalo sisi wa Moroni, tunaoishi juu ya jiwe la volkano, tunaliota tu. Na redio ndogo ilipofika kizingitini ilinyamaza kama imezimwa. Msa aliitikisa akidhani betri zimekwisha.

"Hapo usiweke kitu," watu wakamwambia. "Hapo pana mtu haonekani."

Nyumba ilikuwa ya Batoul. Mumewe, Mikidache, alikuwa mwalimu wa shule na mjumbe wa kamati ya vijana chini ya ile serikali iliyopinduliwa. Mamluki walipoingia alichukuliwa, mikono nyuma, akatiwa chomboni kupelekwa Moroni. Tangu siku ile hapakuwa na salamu, hapakuwa na maiti, na hapakuwa na wa kuulizwa. Kila adhuhuri Batoul alipakua sahani mbili. Na majirani waliapa kwamba darini kwake hutembea mtu, peku, hata jua likiwa limewaka na ngazi imefungwa.

Wazee wa mji walikaa kwenye uwanja wao wa baraza wakampa Msa ruhusa, na afisa wetu wa Mutsamudu, Chamsidine, akafurahi akasema mambo yamekwisha. Mambo gani yamekwisha? Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, na mume huja kukaa. Wazee wanaweza kukupa kichochoro, dari hawana. Msa alilijua hilo vizuri, akaenda mwenyewe, akasimama nje ya mlango na mgongo ameugeuzia pazia.

"Nimesikia unatafuta mahali pa kimya, kaka," alisema Batoul kutoka ndani.

"Ndiyo, bweni," akajibu, kwa ile heshima tunayowaitia wanawake wa watu.

"Hapa si pa kimya. Hapa anatembea mume wangu."

"Yu hai au amefariki?" Msa alinambia swali lilimtoka kabla hajalipima.

"Hilo ndilo nataka uniulizie huko Moroni. Kama yu hai, nitamngoja. Kama amekufa, niacheni nikae eda yangu, nimlie, nikunje nguo zake. Miaka saba mimi si mke wala si mjane. Nikienda arusini wananitazama, nikienda msibani wananitazama. Niletee jibu, na nguzo yako simamisha hata mbili."

Akampa na alama. Mguu wa kushoto wa Mikidache, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeshikana tangu kuzaliwa. Ni mke na mama tu waliojua, na mama alishakufa.

Kazi ikaanza. Kona ya dari iliyofaa kwa nguzo kubwa ilikuwa imemong'onyoka, mawe ya matumbawe yakitoka kama meno ya mzee. Msa aliibomoa na kuijenga upya kwa mawe na chokaa, maana saruji haishikani na kuta zile za kale, hupasuka mvua ya kwanza. Vibarua hawakukubali kupanda mpaka isomwe Yasini na marashi yanyunyizwe pembe zote nne. Walisomewa, wakapanda, lakini walikuwa wakishuka wote kwa pamoja kila adhana ya adhuhuri, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho.

Siku moja Msa alibaki. Alijilaza kwenye kivuli cha ukuta, shati juu ya uso. Akasikia nyayo. Zilikuwa za mtu peku, mguu mmoja mzito mmoja mwepesi, zikatoka kwenye ngazi, zikapita karibu na kichwa chake, zikaenda mpaka ukingo wa kuelekea baharini na kusimama. Hakulifunua shati. Nilimwuliza kwa nini, mwanamume mzima, hakutazama. Akanambia aliogopa. Lakini hakuogopa kwamba atamwona Mikidache. Aliogopa kwamba atamwona mtu mwingine, mwenye kikapu cha sokoni.

Alirudi Moroni kuchukua nguzo za chuma, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu akanieleza. Nilimwuliza kama ana haja ya kututosa sote wawili baharini. Mambo ya kambi ya walinzi watu hawakuyataja hata kwa wake zao kitandani. Niligomba, nikagomba, yeye amesimama tu na vifungo vyake vile. Na huku ninagomba nilikuwa nimeshamkumbuka Mbaba Moindjié.

Mbaba Moindjié alikuwa mjomba wa mama yangu, mwosha maiti wa Ntsoudjini. Nilimkuta barazani kwake anachonga kijiti cha mswaki. Nilipotaja vidole vilivyoshikana aliweka kisu chini.

"Nani anauliza?"

"Mkewe."

Alikaa akiitazama mikono yake. Kisha akanieleza kwamba Ramadhani ya kwanza baada ya mamluki kuingia, futari ikikaribia, gari la walinzi lilikuja kumchukua. Walimpeleka kwenye chumba kimoja, akamkuta mtu chini. Walimwambia afanye haraka.

"Sikufanya haraka," alisema. "Maji walileta ndoo moja. Nikawaambia kwa ndoo moja simwoshi mtu, nipigeni na mimi. Wakaleta. Nilipofika miguuni nilipitisha kidole katikati ya vidole vyake, hakikupita. Nikamwosha hapo mara tatu. Nilimsalia, nikamlaza kwa kibla. Mwambie hivyo." Machozi yalikuwa yakimshuka, wala hakuyafuta. "Ramlati, miaka saba ninangoja mtu aje aniulize."

Siku za karibuni watu husema sisi tulikuwa waoga. Ndiyo, tulikuwa waoga. Hebu na wao wakae na mzungu juu ya meza yao.

Msa alipofika tena Mutsamudu alitundika waya wa muda juu ya mianzi ili tujaribu mawimbi. Sauti yake ilikuja safi kuliko nilivyowahi kuisikia sauti ya kisiwa kingine. Mahali pale palikuwa pazuri kweli. Yeyote mwenye redio angeweza kutusikia, nami nilijua. Nikasema, "Mpe pole mwenye nyumba. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka ule ule. Alioshwa na akasaliwa, vidole vya miguu mara tatu, na aliyemwosha ni wa kwetu." Niliusikia upepo wa dari lile ukipita kwenye waya.

Hapo ndipo mtu angemwelewa Msa kama angenyamaza kidogo. Mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamume wa kando haingii. Ngazi ya darini ilipita katikati ya nyumba. Akimwambia leo, kazi imesimama, nguzo ziko chini, na mzungu atataka kichwa cha mtu. Mimi ningefukuzwa ningerudi Ntsoudjini kwa ndugu zangu. Sabena angerudi wapi? Akinyamaza majuma mawili tu, nguzo zitakuwa zimesimama.

Aliwaita vibarua washuke. Akakusanya vyombo vyake vyote, akafagia vumbi la chokaa kwenye ngazi mpaka chini, akatoka, akasimama nje ya mlango kama siku ya kwanza. Ndipo akamwambia. Alitoka kwanza kwa sababu alijua akishasema hataweza tena kuwa ndani.

Batoul hakupiga yowe. Alisema, "Vidole walivitazama?" Msa akajibu, "Vilioshwa mara tatu." Ndipo akalia.

Chamsidine aliposikia kazi imesimama alimkimbilia kadhi. Kadhi alikuja, mzee mpole wa miwani minene, akaketi kwenye benchi la mawe nje ya mlango na kitabu chake, Batoul nyuma ya pazia. Aliuliza marehemu alifariki lini. Akaambiwa. Akafungua kitabu, akakifunga, akakifungua tena, na Msa anasema ilionekana wazi kwamba alikuwa akitafuta njia nyingine asiipate.

"Binti yangu," alisema, "eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, hata kama habari haikufika. Yako ilikwisha kabla ya Maulidi ya mwaka uliofuata. Huna eda ya kukaa."

"Alhamdulillahi!" akasema Chamsidine. "Basi kesho nguzo zinapanda."

Kisha Batoul akasema taratibu, "Maulidi ile nilijitanda shiromani mpya nyekundu. Nilijifukiza udi. Nilisema huenda akatokea. Kumbe nilikuwa mjane niliyemaliza." Halafu akasema, "Kwa hiyo hata eda yangu wamenichukulia."

Kadhi aliivua miwani yake. Msa akarudi nyuma hatua mbili kichochoroni, akainua shingo kuitazama kona aliyoijenga kwa mikono yake, akaitazama muda mrefu.

"Kesho haiwezekani," alisema. "Chokaa haijakauka."

"Itakauka lini?" akauliza Chamsidine.

"Nguzo ile ni nzito. Kabla ya miezi minne na siku kumi siipandishi."

Palikuwa na watu kadhaa kichochoroni pale, na hakuna aliyecheka. Chamsidine aliinama kutengeneza kiatu chake ambacho hakikuwa na ubaya wowote. Kadhi akakiweka kitabu kwapani. "Mambo ya chokaa mimi siyajui," alisema. "Fundi ndiye ajuaye."

Taarifa ile niliipokea mimi, kwa maneno yale yale, nikampelekea mkurugenzi. Aliisoma, akanitazama, akaisoma tena. Mzungu alikuwa juu ya meza kama kawaida yake. Aliuliza hizo siku kumi za nini. Mkurugenzi wetu, mtu ambaye nilikuwa namdharau kwa woga wake, alisafisha koo akasema, "Chokaa ya matumbawe, bwana, ndivyo ilivyo."

Mlango wa Batoul ukafungwa. Sheria haikumtaka, na hakudai kwamba ni sheria. Alikaa tu. Alivaa alivyotakiwa kuvaa, wanawake waliingia na kutoka, sahani ya pili haikupakuliwa tena. Na kila alfajiri Zoubeda, yule yule wa macho ya kupanda nayo, alipanda dari la Batoul na kumwaga ndoo ya maji kwenye kona ya Msa. Yeye mwanamke, ngazi ya ndani haikumkataza.

Maji yale yaliokoa watu. Mwezi wa tatu wa eda ile mzungu alichoka kungoja, akaja Mutsamudu bila kuagiza. Alimkuta Msa amekaa chini ya ukuta anapaka grisi nati za nguzo zisishike kutu. Akamwambia kwamba akigundua anadanganywa atamrudisha Madagaska kwa kuogelea.

"Gusa mwenyewe," Msa akamjibu.

Mzungu akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatiririka mpaka miguuni mwake. Akafuta mkono kwenye suruali, akatukana kwa lugha yake, akaenda zake. Msa anasema baada ya hapo alirudi kwenye nati zake, na sauti ya Batoul ikamjia kutoka dirisha la juu.

"Kaka. Na wako je?"

"Wangu nani, bweni?"

"Huyo unayemkalia ukimya."

Hakumjibu. Lakini tangu siku hiyo, nilipomwita hewani kwa ule waya wa muda, alikuwa akinijibu kwa kuchelewa, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha ndani.

Asubuhi moja, foleni yangu imejaa mpaka nje, mtambo ukaita. Nguzo zote mbili zilikuwa zimesimama. Sauti ilikuwa karibu mno, ungedhani yuko upande wa pili wa meza.

"Moroni, hapa Mutsamudu. Chokaa imekauka."

Akaendelea kwamba Batoul alimfungulia mlango mwenyewe, amevaa shiromani, akapanda naye mpaka juu na Zoubeda akiwa katikati yao, akatazama waya wote mpaka mwisho. Alisema darini sasa pamenyamaza.

"Ramlati, waambie watu wa Ntsoudjini wanisomee hitima Ijumaa hii."

"Ya Mikidache ilishasomwa, Msa. Mbaba Moindjié aliisimamia mwenyewe."

"Si ya Mikidache. Ni ya mke wangu." Watu walikuwa wakigonga dirisha langu, nami sikumfokea hata mmoja. "Anaitwa Moinafouraha."

Nikamwomba alirudie jina. Nilikuwa nimelisikia vizuri.